Karatasi Niliyoisaini Bila Wewe

Osmund, rafiki yangu,

Ni mimi Longinus. Naandika mwenyewe, usicheke mwandiko. Darasa la pili linanitosha, mengine mgongo wangu unayajua. Nani mwingine hapa Mbinga alibeba magunia mawili ya kahawa kwa mpigo huku anapiga mluzi? Hakuna. Mpaka leo hakuna.

Kaburi lako tumelipalilia. Lakini tawi la chama cha wafanyakazi limekufa nyuma yako. Ile ofisi yako pale kiwandani sasa wanaweka matairi. Kila mtu anaajiriwa kivyake, na mimi ndiye niliyesema, sawa tu, chama cha nini, mtu ajisemee.

Sasa sikia. Daria, binti yangu, yule uliyemsimamia ubatizo, anachambua kahawa palepale. Anachambua? Alikuwa. Mkanda wa mashine ulimshika mkono wa kulia. Vidole vitatu, Osmund. Akina mama wenzake walimfunga kanga, wakamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Kesho yake wakanijia: "Baba Daria, subiri, twende wote kwa meneja." Nikawajibu, "Mimi ananijua. Naenda peke yangu."

Nikavaa koti la Pasaka. Meneja akanipa shikamoo, akanipa kiti, akaagiza soda. Nikavimba. Kisha akasogeza karatasi: Daria hawezi kushika kalamu, wewe baba yake msainie, ni ya matibabu. Herufi ndogo kama chawa. Niliona aibu kusema nisomee. Nikaandika jina langu kubwa, refu, wajue kalamu naijua.

Kumbe ilisema Daria ameacha kazi kwa hiari yake na hana dai lolote.

Enzi zako hakuna aliyesaini karatasi kabla hujaisoma kwa sauti, umepanda juu ya mizani, sisi tumekuzunguka. Nami nilikuwa nakuzomea, "Shuka, padre, misa imekwisha!" Ukasema chama ni kama ngokela, majirani wakija kuchimba mashimo ya ngolo kwenye shamba la mwenzao hakuna anayeondoka shamba halijaisha. Halafu ukanigeukia: "Longi, nguvu unazo, masikio huna."

Nimerudi pale mara nne. Mlinzi haniiti tena mzee. Kote nilikokwenda wananiuliza, sahihi si yako? Ni yangu. Daria hanilaumu. Anachagua maharage kwa mkono wa kushoto, nami natazama ukutani.

Jumatatu nitasimama getini akina mama wakiingia, niwaambie nilichofanya. Mimi, Longinus wa magunia mawili. Labda watacheka. Labda wataogopa, wapite zao. Vidole havirudi. Ila nakuahidi, hakuna atakayeingia kwa meneja yule peke yake kabla hajaisikia habari yangu.

Barua hii naiweka chini ya jiwe la kaburi lako. Daria ameisoma yote kwa sauti, hadi hapa. Ndipo natia jina.

Lala, ndugu yangu.

Longinus