Punje ya Tatu

Kabazi, Juni 1954

Mdogo wangu Wangare,

Pareto imechanua na mbuzi wako amezaa. Barua hii nimempa mumeo mkononi, maana posta siiamini. Ukishasoma, choma.

Memsahibu wa shamba hili amewafungulia watoto wetu shule, na maziwa wanapewa bure. Bure, tangu lini? Jana mwalimu wa hesabu aliwaambia walete punje ya mahindi kwa kila mtu anayelala kwao. Binti yangu Wangu alipeleka tatu. Na mimi niliwaambia askari wanaosaka watu wa msituni kwamba babake alikufa, tumebaki wawili!

Mwalimu alizihesabu punje zake. Leo amempa Wangu chupa tatu za maziwa. Ni huruma, au ni mtego?

Wangu amekunywa yake. Mimi na babake tumekaa, tunazitazama zetu.

Dada yako,
Wamuyu