Dawa ya ng'ombe ndani ya chai ya Adan

Kadra, yale maneno ya sokoni kwamba dawa ya minyoo ya ng'ombe inaua korona yalikataa kunitoka kichwani.

Leo nimeitia kwenye chai ya Adan wangu. Yuko wodini, siku ya nne kwa oksijeni. Wageni hawaingii, nikampa nesi Christine chupa ampelekee.

Mimi, mama yake! Kwa mkono wangu!

Adan akafungua, akanusa. Si ndiye hunywesha ng'ombe wetu dawa hiyo? Nilikuwa nje, akaniita dirishani, pumzi juu juu: "Mama, umenipimia ya fahali au ya ndama?"

Fahali au ndama! Wodi ikacheka mpaka ikakohoa.

Christine hakucheka. "Mama Adan, sindano tunazompa ni za mgonjwa aliye kwenye oksijeni tu, na anapata nafuu. Hii ingemuua, halafu tungemzika tukisema ni korona."

Tungemzika, Kadra.

Ile nusu ya dawa niliyokugawia, mwaga sasa hivi. Najua mzee wako anakohoa. Mpeleke hospitali, na usimpe:
- dawa ya ng'ombe, hata kijiko
- sindano ya kudungwa dukani
- vidonge vilivyobaki kwa jirani
- chai yangu. Adan amesema hainywi tena mpaka nionje mimi kwanza.