Ninaanguka Makusudi Mbele ya Nereida

Doña Ofelia, nisaidie kabla hazijaisha siku kumi na tatu,

Naandika nikiwa nimetulia kwa mara ya kwanza tangu Agosti, na kinachonitia aibu ni kwamba kilichonituliza ni radi. Jana Ijumaa, tukiwa tumeshavaa, bendi imeshapanga mstari, mama zetu wameshanunua mahindi yao ya kikombe, umeme ukapiga ng'ambo ya mpaka, upande wa Mexico, waamuzi wakasema tungoje nusu saa, ukapiga tena, tukangoja nusu saa nyingine, ukapiga tena, mwishowe mechi ikaahirishwa wiki mbili, na wenzangu wote wakatupa kofia chini kwa hasira, mimi nikaingia chooni nikalia kwa furaha, Doña, nikafungulia bomba wasinisikie.

Najua huupendi mpira huu wa Kimarekani, ulishasema redioni kwamba ni watoto waliovalishwa kofia ngumu wagongane kama mbuzi huku wazee wakipiga makofi, lakini mama hakosi kukusoma gazetini na mimi sina mwingine wa kumwambia.

Kwenye timu ya shule yetu yuko msichana mmoja, Nereida, tuko naye darasa moja, ndiye bingwa wa kurusha tufe wa wilaya. Anacheza mstari wa mbele, yaani kazi yake ni kumzuia adui asimfikie mrushaji wetu wa mpira, na mazoezini huyo adui ni mimi. Filimbi inalia, ninamvamia, anatakiwa anizuie. Tangu Agosti mimi ninaanguka. Ninaanguka makusudi. Nina uzito wa pauni mia mbili na kumi, akinigusa tu begani nakwenda chini kama gunia, na nimekuwa hodari wa kuanguka hata kocha Villarreal alinibadilishia njumu mara mbili akidhani zinateleza, na wenzangu kila siku wananiuliza, "Leo utalala na blanketi au bila?" na Rogelio anapiga kelele, "Mleteeni mtoto mto!" na mimi nacheka nao.

Sababu ni hii. Nilipokuwa na miaka saba nilimsukuma dada yangu Araceli kutoka verandani, jino la mbele likavunjika, mama akanipigisha magoti mbele ya picha ya bibi nikaapa kwamba sitamwinulia mkono mwanamke mpaka nife. Jino la Araceli bado ni nusu mpaka leo na kila akicheka naliona. Sasa Nereida aliposimama mbele yangu siku ya kwanza, filimbi ikalia, mwili wangu wenyewe ukakataa, nikaanguka, yeye akaruka kwa furaha, na baada ya hapo ningeanzia wapi kutoanguka?

Ningeweza kuvumilia kama ingeishia hapo. Lakini mji mzima ulikuwa unabishana kama msichana acheze na wavulana au asicheze, kwa kinyozi, kanisani, kwenye foleni ya kununua nyama, mpaka bodi ya shule ikaitisha kikao, na kocha akasimama mbele ya wale wajumbe saba akasema, "Mabwana, mabibi, nina kijana wa pauni mia mbili na kumi, na binti huyu anamlaza chini kila siku ya Mungu." Wakageuka wote kunitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Kura zikawa nne kwa tatu, Nereida akaruhusiwa kuanza mechi ya Ijumaa.

Na hao tunaocheza nao wana jamaa mmoja ana ndevu kama baba wa watoto watatu, mwaka jana alimvunja Rogelio mfupa wa bega, na huyo ndiye atakayesimama mbele ya Nereida, ambaye anaamini anajua kumzuia mtu kwa sababu mimi nimemwaminisha hivyo. Nikisema, watamtoa timu, na ni nafasi yake, ameitolea jasho. Nisiposema, atavunjika. Nimejaribu kupanga maneno kwa Kihispania cha nyumbani, yakasikika kama posa, nikajaribu kwa Kiingereza cha shuleni, yakasikika kama barua ya mwalimu mkuu. Sijui la kufanya, na kila nikiona wingu naomba radi nyingine.

Ni mimi, Ninayeanguka

*

Mwanangu Unayeanguka,

Pangusa pua, unisikilize. Nakuandikia moja kwa moja leo Jumapili kwa sababu gazeti linatoka Alhamisi na hapo utakuwa umeshapoteza siku nne. Ulichoniandikia kitachapishwa mkiniruhusu wewe na huyo binti, na majina nitayabadilisha, ingawa katika mji wetu hilo halitamdanganya hata paka.

Pole. Ninasema kweli, pole. Mtoto anayekumbuka jino la dada yake miaka tisa si mtoto mbaya, na mama yako nikimwona nitampa mkono. Lakini mama yako alikuwa anazungumzia veranda. Hakuwa anazungumzia uwanja ambao msichana ameingia kwa miguu yake, kavaa kofia, wazazi wake wametia saini, na anakungoja umvamie ili ajifunze. Unadhani umemlinda? Wenzake wote wamepata wiki saba za mazoezi. Yeye amepata wiki saba za wewe kujitupa chini. Huo ndio wema wako, na umwangalie vizuri huyo mwenye ndevu ukautathmini.

Nami nikiri langu. Kikao kile nilikuwapo, nimekaa nyuma, na moyoni nilikuwa na wale watatu waliopinga. Nilisema kimoyomoyo, wasichana wana michezo yao, huu wa kuvunjana mifupa wa nini. Sasa naona aibu, maana usiku ule sote tulijadili kuanguka kwako tukidhani tunamjadili Nereida. Kama anaweza au hawezi, hakuna anayejua katika mji huu, na hata yeye mwenyewe hajui, kwa sababu yako.

Basi fanya hivi. Kesho, kabla ya mazoezi, umwite pembeni. Yeye kwanza, kabla ya kocha na kabla ya padri, maana mifupa ni yake na nafasi ni yake. Sema sentensi moja: "Nilikuwa naanguka makusudi." Usiongeze "kwa ajili yako". Zungumza Kihispania; akicheka, mwache acheke, akikutukana, umestahili. Kisha mwende nyote wawili kwa kocha, na huko useme wewe. Baada ya hapo uvae, usimame mbele yake, na umvamie kama unavyomvamia Rogelio, kila siku, mpaka Ijumaa hiyo.

Na kama bodi itataka kumtoa, wewe mwenye haya utasimama kwenye kikao ueleze ni nani aliyewadanganya. Viatu vyako vitakuwepo hata ukiinua macho.

Mama yako umwambie mwenyewe. Asije akayasikia dukani.

*

Doña Ofelia,

Nilijiahidi nitakuandikia na Nereida amesema chapisha, mradi uandike kwamba tufe lake ni la kwanza wilayani. Nimeshaandika.

Jumatatu nilimwita nyuma ya majukwaa nikasema ile sentensi. Akaweka kofia yake chini. Kisha akauliza, "Mara ngapi?"

"Zote."

"Hata ile niliyoirekodi nikamtumia bibi?"

"Hata hiyo."

"Wewe mpumbavu! Unajua bibi ameshawatumia mashangazi wote mpaka Monterrey?" Akafumba macho, nikadhani atalia, kumbe anahesabu. "Tuna siku kumi na moja. Twende."

Kocha alivua kofia yake, akaivaa, akaivua tena, akasema, "Nimekutolea jozi mbili za njumu!" Akapuliza filimbi.

Siku hiyo ya kwanza nilimpita Nereida mara kumi kati ya kumi, Doña, na kila nikimpita niliona jino la Araceli, na kila nikigeuka Nereida alikuwa ameshainuka anasema, "Tena." Rogelio hakutania. Jumatano ya pili walikuja wale wajumbe watatu waliopinga, maana kocha aliwapigia simu mwenyewe, wakakaa kando ya uwanja kwenye viti vyao vya kukunja. Nikaenda kuwaambia, macho juu kama ulivyoniamuru. Mmoja akasema, "Si tuliwaambia!" Nereida akajibu kutoka mstarini, "Mmeambiwa na yeye, mimi bado. Kaeni mtazame." Wakatazama saa nzima. Alinizuia mara nne kati ya kumi. Hawakuitisha kikao. Mmoja wao, ambaye ni daktari wa meno, aliponipita kwenda kwenye gari alinisimamisha tu akataka kujua kama meno yangu yako salama.

Ijumaa kocha hakumwanzisha, alimwingiza robo ya mwisho, na Nereida mwenyewe alisema ni haki. Mwenye ndevu alimtupa mara mbili. Mara ya pili mama yangu, ambaye nilikuwa nimeshamweleza kila kitu, alisimama jukwaani na mahindi yake akapiga kelele, "Inuka, binti, usimwachie!" Mara ya tatu Nereida hakusogea, wakabaki wamekamatana kama milango miwili, na mrushaji wetu akapata muda wa kurusha. Tulifungwa, lakini alitoka uwanjani kwa miguu yake, na majani yamemjaa kwenye kofia, anauliza kama bibi ameona.

Kuhusu mimi, kuna jambo moja zaidi. Alhamisi, siku moja kabla ya mechi, zoezi la mwisho kabisa, alinishika chini ya mabega, akaninyanyua, nikaona anga. Nikabaki chini kidogo. Akaja akasimama juu yangu, anahema, ananikagua uso kwa shaka.

"Hiyo umeanguka au umeangushwa?"

"Nimeangushwa, naapa."

"Haya. Kuanzia leo usianguke mpaka nikuangushe."

Bega limevimba, siwezi kuinua mkono kuchana nywele, na sijawahi kulala vizuri hivi tangu Agosti. Nifanyeje?

Ni mimi, Niliyeangushwa

*

Weka barafu, mwanangu. Dakika ishirini, utoe, kisha urudie. Jumatatu uwahi mazoezini.