Aliyegonga Usiku wa Barbara

Hasrun, Lebanoni, 1 Desemba

Nuhad mwanangu,
Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua kwa baridi. Hofu ni kwenu huko Montreal. Kwenye barua pepe yako umeniuliza kama nitachemsha ngano ya Mtakatifu Barbara, ile ya kuwalisha wavaa vinyago usiku wa tarehe tatu. Sichemshi. Mwaka huu hao wanaopita nyumba kwa nyumba wacheze barabarani. Padri kila Jumapili ya Majilio anatuhimiza tungoje hata tusilolitarajia. Mimi ningoje nini? Baba yenu nilimzika bila mwanawe wa kiume. Niliapa uso wa Ghattas hautavuka kizingiti changu, na kiapo ni kilekile. Usinitajie kaka yako.
Mama yako

Montreal, 6 Desemba

Mama, naibusu mikono yako.
Sisi wazima, lakini jana Ghattas alinipigia akilia. Usiku wa Barbara alikuja, Mama! Alivaa kinyago akaandamana na wachezaji. Alisema, kiapo chako ni cha uso wake tu, basi ataufunika, ale ngano yako, aibusu mikono yako, aondoke. Hukufungua. Siku ya mazishi alikuwa kalazwa, moyo, alituficha sote. Tarehe kumi na nane anapasuliwa, na madaktari hawaahidi kitu. Sasa kazima simu. Hata hospitali hakunitajia.
Binti yako

Hasrun, 8 Desemba

Nuhad,
Leo sina salamu. Nilimsikia! Wenzake walishaondoka, mmoja akabaki anagonga polepole. Nikapiga kelele: "Nenda kacheze kwa mama yako!" Kwa kinywa changu hiki, Nuhad. Leo nimechemsha ngano, sikukuu imeshapita, majirani wananiona nimerukwa na akili. Mlango uko wazi mchana kutwa, theluji inaingia sebuleni. Nimempigia mpaka kidole kinaniuma. Mtafute, nakuomba, mtafute.
Mama

Montreal, 14 Desemba

Mama yangu,
Wajukuu wako wanakusalimu. Nimepiga simu hospitali zote za Beirut ninazozijua. Hayupo. Tafadhali funga mlango, baridi itakuua.
Nuhad wako

Hasrun, 17 Desemba

Mwanangu,
Leo adhuhuri kaingia mwanamke nisiyemjua, kalowa theluji.
"Mimi Jumana, mke wa Ghattas."
"Mke? Tangu lini?"
"Mwaka wa pili sasa. Tuliuogopa ulimi wako, mama mkwe. Hata leo hajui nimekuja."
Unanijua, Nuhad. Nilitaka kufoka, maneno yalishafika kooni. Nikamwambia pita ndani, nikamvua viatu kwa mikono yangu. Akala mabakuli mawili ya ngano. Kisha akapiga simu kwa muuguzi, akanipa.
"Mama?" Ni yeye. Sauti yake imekuwa ndogo.
Siku zote hizi nilipanga maneno ya kumwomba msamaha. Yote yakanipotea. Nikamuuliza, "Umekula?"
Akasema hapana, wamemkataza, kesho asubuhi wanampasua. Basi tukalia sote wawili kwenye simu mpaka muuguzi akaichukua.
Tunashuka Beirut sasa hivi, mimi na Jumana. Tuombee tumkute.
Mama yenu