Mtoto Hasafiri Kinyumenyume

Kijijini, 9 Aprili

Mkamwana wangu Burul,

Pokea salamu za huku kwetu. Sisi tu wazima, kondoo wamezaa vizuri, theluji inaanza kuondoka barabarani. Mwanangu Talant hajambo? Anakula? Kwenye picha aliyotuma naona shingo tu.

Unajua kwa nini naandika na sipigi simu. Kwenye simu unasema "ndiyo Mama, ndiyo Mama" mpaka nasinzia. Kwenye karatasi angalau nitakujua. Kubat atakukabidhi barua hii akifika Bishkek na abiria wake, na nimemwonya shemeji yako huyo asiifungue.

Ular hajambo. Ana miezi minane, amenenepa, anamumunya kuruti, vile vidonge vyetu vya mtindi mkavu, siku nzima. Lile beseni lenye mpini mnaloliita kiti cha gari, mlilotupatia siku tulipomchukua, limemshinda, miguu inaning'inia nje. Sikulitupa. Kuku wangu mwekundu ameona faida yake, anataga humo.

Basi usijisumbue kuleta jingine. Nimelea watoto wanne, wote walipanda lori la shamba la ushirika wakiwa mapajani mwangu, na mmoja wao ndiye aliyekuoa. Ana kasoro gani? Ukiiona, usiniandikie.

Mtoto amezoea. Anajaribu kuniita mama. Wewe atakuita dada, kama wazaliwa wa kwanza wote wanaolelewa na bibi zao.

Mama mkwe wako,
Zuurakan

Bishkek, 21 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu haikusumbui tena na kwamba wanakondoo wanaendelea. Talant hajambo, anakula vizuri, shingo ni ya ukoo wenu.

Namshukuru kuku kwa kulitunza beseni. Hata hivyo Mama, miguu kuning'inia si neno. Kinachotazamwa ni kichwa: kikikaribia ukingo wa juu, hapo ndipo mtoto amelizidi. Kwa urefu wa Ular naona kweli amelizidi, kwa hiyo nampa Kubat kiti kingine. Niliwaudhi wenye duka, nilivijaribu vyote kwenye gari linalofanana na la Kubat, maana kiti kizuri kisichokaa sawa garini hakifai kitu.

Hiki kinafungwa kikitazama nyuma, na kibaki hivyo mpaka afikishe miaka minne au karibu. Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake bado laini. Gari likisimama ghafla, akiwa anatazama nyuma mgongo wa kiti unampokea mzima mzima. Akiwa anatazama mbele mwili unabanwa na mikanda, kichwa kinaendelea na safari. Mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo, ikazwe mpaka vidole vishindwe kuifinya. Na koti zito livuliwe kabla ya kumfunga, kisha afunikwe nalo juu.

Nilimtoa mwanangu kwa desturi na sikulalamika mbele ya mtu. Lakini mnapanda mlima Dolon naye kila wiki kwenda sokoni Naryn, na siku hiyo mimi sifanyi kazi yoyote ya maana. Naomba hilo moja tu, Mama.

Mkamwana wako,
Burul

Kijijini, 3 Septemba

Mkamwana wangu,

Natumaini mko salama huko mjini kwenye moshi wenu. Huku nyasi zimekatwa, mimi mzima, goti ni lilelile.

Ular ametembea. Wiki iliyopita tukafanya sherehe ya kumkata kamba. Ninyi hamkuja, Talant alisema kazini hawamruhusu, nami nimemwamini kwa sababu nimemzaa. Nilimfunga miguu kwa kamba ya sufu nyeusi na nyeupe niliyoisokota mwenyewe, wasichana wakashindana mbio, binti wa jirani akawashinda, akaikata. Mtoto akaenda zake moja kwa moja kwenye sahani ya boorsok, maandazi yetu. Watu walicheka hadi machozi.

Halafu ikawa aibu. Tulipomaliza, Kubat akampakia garini, na wageni wote wakaona mtoto aliyetoka kufunguliwa njia anafungwa kinyumenyume kama mzigo usiotakiwa kujua unakopelekwa. Mzee mmoja akaniuliza kama kiti kimewekwa na mlevi. Nikasema kimewekwa na mkamwana wangu, msomi. Wakaelewa.

Siku hiyohiyo nikamwambia Kubat akigeuze. Mtoto aliyekatwa kamba njia yake iko mbele. Ukimfanya aipe kisogo njia yake, usije ukaniuliza kwa nini amekuwa mtu mzima asiyejua aendako. Mmoja wa aina hiyo tunaye tayari, na unalala naye.

Mama mkwe wako,
Zuurakan

Bishkek, 15 Septemba

Mama,

Shikamoo. Habari za goti? Nafurahi nyasi zimeingia ghalani.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikaisoma tena kwa Talant, akatoka kwenda kununua sigara na hajarudi mpaka sasa.

Mama, mliyoikata ni kamba ya sufu. Mifupa ya shingo yake haikualikwa kwenye sherehe. Bado ni ileile ya siku moja kabla, na itabaki hivyo hata mngekata kamba ishirini. Kutembea si kipimo. Kunenepa si kipimo. Kucheka kwa mzee fulani, sijui nani, si kipimo pia. Kiti kina alama ya kimo na ya uzito ubavuni, na Ular hajakaribia hata moja.

Nakuomba kama mkamwana anavyopaswa kuomba, nikiwa nimeinama: mwambie Kubat akirudishe. Na baridi ikianza, koti livuliwe kwanza.

Mkamwana wako,
Burul

Kijijini, 30 Septemba

Burul,

Sisi wazima.

Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na watoto wanaojua kila kitu nawajua kwa harufu. Kuinama kwako nimekuona. Hata farasi huinama kabla hajapiga teke.

Kiti kinatazama mbele na kitabaki hivyo. Ama koti, nimemshonea jipya la ngozi ya kondoo, nene, mikono yake haikunjiki hata akijitahidi. Ndani ya hilo mtoto hahitaji mikanda yako, lakini tunamfunga ili uache kuandika.

Mama mkwe wako,
Zuurakan

Bishkek, 6 Februari

Kwako Zuurakan,

Sikuulizi goti. Sikuulizi kondoo.

Jana mke wa Kubat alikuja mjini kwa daktari wa meno, akalala kwetu. Tukiwa tunakunywa chai akasema, "Namshukuru Mungu bega la mtoto limepona vizuri." Nikamwuliza bega gani. Akaacha kutafuna. Hapo nilimbana mpaka akasema yote.

Kumbe mwezi wa kumi na mbili gari liliteleza Dolon likaingia kwenye ukuta wa theluji. Kumbe mlikuwa katika mwendo wa polepole, na hilo ndilo lililomwokoa, si wewe wala ngozi yako ya kondoo. Koti lilibonyea, mikanda ikabaki inashika hewa, na mwanangu akachomoka kutoka ndani yake akajigonga kwenye kiti cha mbele. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Nami nikatumiwa picha yake amezungushiwa shali hadi kidevuni, na maneno kwamba ana mafua.

Ulimfunika ili nisione. Uliketi, ukalichagua shali, ukalipanga, ukamwambia Kubat apige picha. Mtu aliyefundisha watoto kusoma anashindwa kusoma mchoro ubavuni mwa kiti, lakini kupanga shali anajua. Mimi nilikuwa nakuogopa. Nilikuwa nikivaa kitambaa cha heshima kichwani ili nikuandikie. Leo nakuandikia kichwa wazi, na nashangaa nilikuwa naogopa nini: mwanamke anayeogopa kuchekwa na mzee mmoja kuliko anavyoogopa mlima.

Talant anasema tungoje mpaka hasira zipoe. Nimemwacha angoje. Theluji ikipungua barabarani nakuja na kaka yangu, kwa gari lake. Desturi inasema mzaliwa wa kwanza ni wa bibi yake. Sawa, ilisema. Ular anarudi kwangu.

Mama yake Ular

Kijijini, 2 Aprili

Burul,

Natumaini mlifika salama. Hamkuniambia. Kubat ndiye aliyenipa habari kwamba mmefika, nami nimemwomba akuletee hii.

Ulikuja nyumbani kwangu hukumega hata mkate. Nilikuwa nimeuweka mezani, na siagi, na jemu ya aprikoti ambayo kaka yako aliitazama sana, maskini. Ukapita, ukamshika mtoto, ukamtoa nje uani. Ukamvua koti kwenye baridi ile, ukampima kama mtu anayenunua dume la kondoo sokoni, ukavuta mikanda ya kiti garini mwa kaka yako, ukaifinya, ukailegeza, ukaivuta tena. Nilimzaa Talant kwa muda mfupi zaidi. Nilisimama mlangoni nikasema moyoni, mwanamke huyu anafunga gunia, hafungi mtoto.

Mtoto akanililia, "Mama." Ukamjibu, "Mama niko hapa." Hukuniangalia. Vizuri. Ningekuwa wewe nami nisingeniangalia.

Kuhusu shali, uliyoyaandika ni kweli. Sitasema zaidi. Sikulelewa kuomba radhi kwa mkamwana, na sasa goti linaniuma na nimezeeka mno kuanza kujifunza.

Nataka kukuambia kitu kimoja. Nimesindikiza watu wengi kwenye ile barabara. Mume wangu alipokwenda hospitalini na hakurudi. Binti zangu walipoolewa. Talant. Mtu akiondoka unaona kisogo chake kwenye kioo, kisogo hakisemi kitu, unageuka, unaingia ndani, unatia kuni jikoni. Nilidhani na jana itakuwa hivyo. Nilikuwa nimekwisha weka birika.

Lakini ulimgeuza. Gari likaondoka na yeye uso wake uko kwangu. Kwenye kioo cha nyuma nilimwona wazi, kimkono amekiinua, mdomo wazi, ananitazama mimi tu. Anakwenda mbele na ananitazama mimi. Ningeingiaje ndani? Nilifikiri nikigeuka ataona mgongo wangu, na hilo ndilo la mwisho atakalobaki nalo. Nikasimama. Mkafika kwenye mashine ya kusaga, bado ananiangalia. Mkafika darajani, bado. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza kuyafuta, kwa sababu mkono ulikuwa unampungia. Aliniona hivyo njia nzima, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mimi sikuwa na pa kujificha.

Mpaka afikishe miaka minne, ulisema. Basi kila mtakapokuja na kuondoka itakuwa hivyo. Njooni hivyohivyo. Usimgeuze.

Bibi yake,
Zuurakan