Mikono ya Kumpokea Kinda

Nyumbani, tarehe 4 Machi

Mwanangu, nesi wetu,

Pokea salamu nyingi za hapa nyumbani. Mimi mama yako sijambo, wasiwasi tu. Baba yako hajambo, yuko na baiskeli zake za kutengeneza na mikono myeusi kama masizi. Kaka yako hajambo. Wifi yako hajambo, ameanza kurudisha rangi usoni. Shangazi yako hajambo, isipokuwa goti. Mshonaji wa nyumba ya pili hajambo, anauliza lile gauni lilikukaa? Hata paka hajambo, mwizi yule.

Na Kinda hajambo. Ndivyo tunavyomwita mtoto wa kaka yako. Ametoka hospitali Jumanne baada ya wiki tano. Mwanangu, ni mdogo! Nikimtazama naogopa hata kupumua.

Sasa sikia kinachoniumiza. Hospitali walisema kila anayemshika anawe kwanza. Mimi wa kuambiwa hivyo? Unanijua. Nachemsha maji, nayamimina kwenye karai yakiwa bado yanafuka, natumbukiza mikono mpaka machozi yatoke, ndipo najua uchafu umekufa. Mara nane, mara kumi kwa siku. Lakini mikono imepasuka. Juzi nilimpakata, nikamrudisha kwa mama yake, kumbe kitambaa chake cheupe kina damu. Wifi yako alipiga yowe. Damu yenyewe ilikuwa yangu. Hakunisema vibaya, ni binti mwenye adabu. Alisema tu, "Mama, pumzika kwanza." Tangu hapo sijamgusa. Namchungulia kutoka mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Wewe kazi yako ni watoto wa namna hii. Niambie maji yawe ya moto kiasi gani, na kama kuna kitu cha kuongeza humo. Jibu haraka.

Mama yako


Tarehe 13 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Nimefurahi Kinda yuko nyumbani. Mpe pole wifi.

Mama, usiongeze kitu. Punguza moto. Hapa wodini tunanawa kwa maji ya bomba, na asubuhi ni baridi kweli. Maji ya kuua vijidudu kwa moto wake yangeivisha mkono wako kwanza. Kinachotoa uchafu ni sabuni na kusugua bila haraka, maji yanausindikiza tu. Sugua viganja, juu ya mikono, katikati ya vidole, kucha, na dole gumba, maana watu wengi hulisahau. Hesabu ishirini polepole. Suuza kwa maji yanayomiminwa, siyo ya kutumbukiza, ufute kwa kitambaa safi. Ukipenda vuguvugu, sawa, na grisi ya baba itatoka kwa urahisi zaidi. Lakini ya kuunguza hapana. Yanakausha ngozi, na kwenye mipasuko ndiko vijidudu hujificha. Paka mafuta ya mgando, na usimshike mpaka vidonda vifunge.

Binti yako


Tarehe 22 Machi

Mwanangu,

Wote hawajambo. Barua nimeipata. Kwa maji hayohayo ya moto nilikulea wewe na kaka yako, na hakuna aliyedhurika. Sikuwa nesi, ni kweli. Niliishia darasa la tatu.

Mama


Tarehe 19 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Salamu zako zilikuja kwa mkupuo mmoja, bila shangazi, bila hata paka, ndipo nikajua nimekuumiza. Nisamehe. Karibu mwezi mzima nangoja barua. Kaka ananiambia bado unachemsha maji ukijiandaa kumshika, bado mikono inatoka damu, na bado unasimama mlangoni. Mama, hukosi akili ya kuelewa nilichoandika. Unaogopa nini?

Binti yako


Nyumbani, tarehe 28 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Kaa chini usome.

Kabla yako na kabla ya kaka yako alikuwepo mwingine. Msichana. Alizaliwa kabla ya siku zake kama Kinda, akakaa nasi siku tisa. Asubuhi ya tisa kuni zilikuwa zimelowa, nikanawa kwa maji ya mtungi, ya baridi, nikamnyonyesha. Jioni hatukuwa naye. Bibi yako, mama wa baba yako, alisema mbele ya watu, "Wewe ndiwe uliyemshika kwa mikono ya maji baridi." Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu siku ile sijashika mtoto mchanga bila kuchemsha maji. Hata jina hatukuwahi kumpa, na humu ndani hatajwi.

Sasa wewe unaniambia baridi na moto ni mamoja. Sijui nicheke au nilie. Na hiyo ishirini yako, mwanangu, saa sina, nikihesabu kwa woga namaliza kabla sabuni haijatoa povu.

Mama yako


Tarehe 6 Mei

Mama yangu,

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha mashuka, mlango nimeufunga.

Sitakudanganya kwamba najua kilichomchukua dada yangu. Watoto waliozaliwa kabla ya siku zao huondoka kwa mambo mengi, hata hapa penye mashine, sisi tumesimama palepale. Lakini maji ya baridi siyo. Nalisema hilo kama nesi, nalisema kama mwanao. Bibi alikosea, Mama, na wewe ukabebeshwa.

Kuhusu kuhesabu: nilichukua barua yako ya Machi, nikasimama kwenye sinki, nikazisoma salamu zako kwa sauti, kwa mwendo wako, macho kwenye saa ya ukutani. Kutoka kwako mpaka kwa paka, sekunde ishirini na tano. Nesi mkuu akaniuliza, "Unasali?" Nikamwambia, "Nasalimia nyumbani."

Nawa na salamu hizo. Zinatosha.

Binti yako


Nyumbani, tarehe 17 Mei

Mwanangu,

Leo salamu usizitafute huku juu. Nimezimalizia kwenye karai.

Mikono imefunga. Jana asubuhi wifi yako alinigeuza viganja, akavikagua kimoja kimoja, akasema, "Sasa, Mama." Akachota maji ya ndoo kwa kata, hayakuona moto hata kidogo, akanimiminia. Nikashika sabuni nikaanza. Baba yako hajambo, nikamsugua viganjani. Kaka yako juu ya mkono wa kulia, wifi yako juu ya wa kushoto. Akacheka, "Kumbe nami nimo!" Shangazi na goti lake katikati ya vidole. Mshonaji na paka kwenye kucha, wagombane hukohuko. Wewe, dole gumba la kulia.

Likabaki la kushoto, na salamu zimekwisha. Nikalizungusha povuni. Kisha nikasema, "Na mwanangu wa kwanza."

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni na gurudumu la baiskeli ya mteja mkononi. Akaliweka chini taratibu. Akasema, "Hajambo."

Ndipo nikasuuza, nikajifuta, nikampokea Kinda. Akalala kifuani kwangu mpaka mkono ukafa ganzi, nami sikuthubutu kumhamisha.

Sasa baba yako naye anataka zamu yake. Yuko kwenye karai muda huu, povu lote jeusi, na salamu zimemwishia. Kwa mtu wa grisi zirudiwe mara ngapi? Jibu upesi, mwanangu, hataki kutoka hapo mpaka useme.

Mama yako