Hata Wewe Ulikuwa Njiti

Oldeani, Jumanne

Miezi mitatu, mwanangu, hujakanyaga hapa. Simu hupokei, basi nakugombeza humu daftarini, kwa herufi nilizojifunzia kwenye madaftari yako.

Leo jirani ndiye kaniambia mkeo alijifungua njiti, mimba ya miezi saba, nawe unamficha. "Anaona aibu, bibi." Aibu ya nini, mjinga wewe? Njiti ni mtoto aliyewahi kufika, basi.

Wewe mwenyewe ulikuwa njiti. Nilikufunga kifuani, ngozi kwa ngozi, nikachuma kahawa nawe hivyo hivyo mpaka ukanenepa. Sikuwahi kukuambia. Hata mimi niliona aibu.

Chai nimekunywa peke yangu tena.

Ukija, mlete kifuani mwako, vifungo vya shati wazi. Nitakuonyesha anavyofungwa.